Mnunuzi Akitaja Bei, Usikimbilie Kutaja Yako: Maana na Matumizi ya Ofa ya Kujibu

Leo naiweka mbolea pembeni kidogo, tuongelee mdomo. Nimeona vijana wengi wanalima vizuri, wanapata mzigo mzuri, halafu hela inapotea ndani ya dakika kumi za kuongea na mnunuzi pale shambani. Mimi mwenyewe ilinikuta, na nitaanza na hilo ili msidhani nawafundisha kitu nilichokisoma tu.

Nilipoajiriwa, baada ya kumaliza stashahada yangu ya kilimo, nilikodi ekari moja nikalima vitunguu. Bwana shamba nami niwe na shamba, si ndiyo? Sehemu ya mtaji ulikuwa mkopo wa SACCOS. Nikavuna gunia 52. Akaja mnunuzi, akatembea tembea, akapasua vitunguu viwili vitatu, akasema: "Bwana shamba, hapa nakupa 65,000 kwa gunia."

Nilikuwa nimesikia kwamba Dar es Salaam gunia linauzwa 110,000. Bila kuuliza kitu nikajibu: "90,000, chini ya hapo sitoi." Akacheka, akasema sawa, nitakupigia. Hakupiga.

Siku ya tatu mawingu yakaanza kufunga. Nikampigia mwenyewe: "Kaka, njoo basi uchukue kwa ile 65 yako." Akanijibu kwa upole kabisa: "Ile ilishaisha bwana shamba. Nimeshapakia kwa mwenzako. Sasa hivi nina 50." Nikakasirika, nikamwambia hana msimamo, nikakata simu. Mvua ikanyesha. Gunia 7 zikaoza. Zilizobaki 45 nikauza kwa mtu mwingine kwa 45,000.

Pigeni hesabu: 52 mara 65,000 ni 3,380,000. Mimi nilipata 45 mara 45,000, yaani 2,025,000. Nilipoteza 1,355,000, na mkopo nikaumalizia kwa mshahara. Kwa muda mrefu nilisimulia kwamba yule mnunuzi alinigeuka. Ukweli ni kwamba hakunigeuka. Mimi ndiye sikujua nilichofanya nilipofungua mdomo kusema 90,000.

Ofa ya kujibu ni nini?

Mnunuzi akikwambia "nakupa 65,000", hiyo ni ofa. Una majibu matatu. Unaweza kukubali, mkawa mmepatana. Unaweza kukataa, yakaishia hapo. Au unaweza kutaja masharti yako tofauti na yake: bei nyingine, kipimo kingine, siku nyingine ya malipo. Hilo la tatu ndilo ofa ya kujibu. Wengine huita ofa mbadala. Mitaani tunasema tu "kujibu bei".

Sasa shikeni jambo hili, maana wengi hawalijui: ukishatoa ofa ya kujibu, ofa ya mwenzako imekufa. Kilichobaki mezani ni ofa yako, na yeye ndiye mwenye uhuru wa kukubali, kukataa au kujibu tena. Ile 65,000 haikai inakusubiri kama akiba.

Hili lina msingi wa kisheria pia. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 7, inataka kukubali ofa kuwe kamili na bila sharti la nyongeza. Ukisema "nakubali, ila uongeze elfu tano", hujakubali. Umetoa ofa mpya.

Kuna kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 1840, Hyde dhidi ya Wrench, na inatuhusu vizuri kwa sababu kilichokuwa kinauzwa ni shamba. Wrench alitaka kuuza kwa pauni 1,000. Hyde akajibu pauni 950. Wrench akakataa. Hyde akarudi akasema basi, nakubali ile 1,000. Wrench hakumuuzia, wakafikishana mahakamani. Mahakama ikasema hakuna mkataba: Hyde aliposema 950 aliikataa ofa ya 1,000, na hakuwa na uwezo wa kuifufua peke yake. Mimi na Hyde tulifanya kosa lilelile. Tofauti yetu ni kwamba mimi sikwenda mahakamani, nilikwenda SACCOS.

Hii inakulinda na wewe. Ukimwambia mnunuzi 62,000, yeye akajibu 54,000, kisha kesho bei imepanda sokoni akarudi mbio kusema "sawa nachukua kwa 62", hufungwi na ile 62. Unaweza kumpa ukitaka, kwa sababu biashara haigombi na mteja mzuri anatunzwa, lakini ni hiari yako.

Kuuliza siyo kujibu bei

Kwa hiyo tuogope kujibu? Hapana. Tujifunze kuuliza kwanza. Swali haliui ofa. Hata mahakama ziliona hivyo: katika kesi ya Stevenson dhidi ya McLean ya mwaka 1880, iliyohusu biashara ya chuma, mnunuzi aliuliza kama anaweza kuletewa mzigo kwa kipindi cha miezi miwili, na mahakama ikasema huko ni kuuliza tu, ofa bado ilikuwa hai.

Kwa hiyo badala ya kurusha namba, rusha maswali:

1. Gunia gani hilo unalosema, la kilo 100 kwenye mizani au lumbesa?
2. Magunia na kamba ni vya nani?
3. Vibarua wa kupakia analipa nani? Na ushuru wa mazao?
4. Unalipa lini? Zote leo, au nusu leo na nusu ukishauza?
5. Unachukua mzigo wote, au unachagua vikubwa unaniachia vidogo?
6. Gari linakuja siku gani?

Majibu ya maswali haya ndiyo bei yenyewe. "65,000" peke yake haina maana mpaka ujue ni 65,000 ya nini. Mimi sikuuliza hata moja. Pengine yule bwana alikuwa analipa vibarua na magunia, na 65 yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyodhani. Sitajua kamwe.

Mfano wa dada mmoja kwenye kata yangu

Msimu uliopita dada mmoja hapa kwetu alikuwa na vitunguu vya kutosha lumbesa 40. Namba hizi ni zake, za siku ile. Wewe weka za kwako.

Kabla mnunuzi hajafika alikaa na daftari akatafuta sakafu yake, yaani bei ambayo chini ya hapo ni bora asiuze. Wengi tunakosea hapa. Tunadhani sakafu ni gharama ya kulima: mbegu, mbolea, dawa, vibarua. Gharama hiyo ni muhimu sana unapoamua kama utalima tena mwakani. Lakini mzigo ukishavunwa, hela hiyo imeshatoka, haikusaidii kumjibu mnunuzi aliyesimama mbele yako. Swali la siku hiyo ni moja: nikimkatalia huyu, njia yangu ya pili ni ipi na itanipa shilingi ngapi?

Njia yake ya pili ilikuwa kusafirisha mwenyewe kwenda Dar es Salaam. Alipiga simu kwa watu wawili walioko sokoni, siyo mmoja, akaambiwa gunia la kilo 100 linakwenda 75,000. Akatoa usafiri, magunia, ushuru, upakiaji na ushushaji, jumla 18,000 kwa gunia. Akatoa 5,000 ya vitakavyooza njiani na usumbufu wa kulala sokoni. Ikabaki 52,000. Hiyo ndiyo sakafu: 52,000 kwa kilo 100.

Mnunuzi akaja. Maongezi yalikwenda hivi, nilikuwepo:

"Dada, mzigo wako mzuri. Nakupa 60,000."

"Asante kaka. Gunia la kilo ngapi?"

"Haya ya kawaida tu."

"Ya kawaida ni lumbesa?"

"Si unajua dada, ndiyo biashara yetu."

Hapo angeweza kufurahi, maana 60 ni zaidi ya 52. Lakini lumbesa zile tulishapima moja asubuhi yake, ilikuwa kilo 120. Gawa 60,000 kwa 120, unapata 500 kwa kilo. Kwa gunia la kilo 100 ni 50,000. Kumbe ofa iliyosikika kubwa ilikuwa chini ya sakafu yake. Akaendelea kuuliza: malipo nusu leo, nusu mzigo ukiuzwa. Vibarua juu ya mkulima.

Ndipo akatoa ofa yake ya kujibu:

"Kaka, mimi nauza kwa mizani, kilo 100. Vitunguu vimekauka shingo na nimeshavichambua, havitakuozea njiani. Nakupa kwa 62,000, unalipa zote kabla gari halijaondoka. Ukikubali, kesho saa 12 asubuhi vitakuwa vimefungwa pale barabarani, gari lako halitaingia kwenye tope. Bei hiyo ni mpaka saa 10 jioni leo, kuna mwenzako nimemuahidi jibu."

Na kweli alikuwepo mwenzake. Hakudanganya.

Mnunuzi akasema 54,000. Dada akasema: "54 nitakupa kama unachukua kwa malipo yangu na unaleta magunia na vibarua wako. Kama vibarua ni wangu, ni 58." Wakaenda wakarudi, wakamalizia 57,000 kwa kilo 100, malipo yote siku hiyo, vibarua wa mkulima, magunia ya mnunuzi.

Jioni vijana wenzake wakamcheka: mwenzetu umepewa 60 ukashuka mpaka 57! Tukapiga hesabu pamoja. Lumbesa 40 za kilo 120 ni kilo 4,800. Kwa ofa ya kwanza: 40 mara 60,000 ni 2,400,000, nusu yake ikiwa ahadi. Kwa makubaliano yake: kilo 4,800 ni magunia 48, mara 57,000 ni 2,736,000, taslimu. Ameshusha namba, ameongeza 336,000. Kicheko kikaisha.

Tujifunze nini kwenye jibu lake?

*Kwanza, alijibu kwa kipimo, siyo kwa namba tu.* Lumbesa imepigwa marufuku na Wakala wa Vipimo wanahimiza mizani, lakini tunajua bado ipo mashambani. Ukijibu bei bila kutaja kilo, mnunuzi anaweza kukubali bei yako kisha akairudisha kwa kushindilia gunia. Umeongezewa elfu tano, umetoa kilo ishirini.

*Pili, alitoa sababu.* "Vimekauka shingo, vimechambuliwa." Mimi nilisema 90,000 kwa sababu tu nilisikia ya Dar. Sababu ya mnunuzi kuongeza bei lazima imguse yeye: mzigo hautaoza, gari halitakwama, hatapoteza siku. Na sababu hizi hazitengenezwi siku ya kuuza. Ukiendelea kumwaga urea mwishoni na maji mpaka siku ya kuvuna, utapata kitunguu chenye shingo nene kisichokaa. Simamisha maji wiki mbili hivi kabla ya kuvuna, kausha vizuri, hifadhi juu ya kichanja penye hewa. Kitunguu kinachoweza kusubiri wiki tatu kinakupa ujasiri wa kujibu bei. Kinachooza kesho kinakufunga mdomo.

*Tatu, hakushuka bure.* Kila aliposhuka alidai kitu: magunia, vibarua, malipo taslimu. Ukishusha bei bila kudai chochote, unamfundisha mnunuzi kwamba bei yako ya kwanza ilikuwa ya uongo, naye ataendelea kusukuma. Tumia neno "kama". Nitashusha kama utalipa leo. Nitashusha kama unachukua vyote, na vidogo.

*Nne, aliweka muda.* Ofa isiyo na muda inazunguka kijijini na kutumika kuvunja bei za wenzako: "Fulani kanipa 62, wewe je?" Sema mpaka saa ngapi. Na muda ukipita, uheshimu muda wako mwenyewe.

*Tano, hakusema "bei ya mwisho".* Mimi nilisema "chini ya hapo sitoi", halafu siku ya tatu nikapiga simu mwenyewe. Neno hilo litumie mara moja tu, ukiwa umefika sakafuni kweli na uko tayari kumwona anaondoka.

Mtego wa "tukutane katikati"

Mnunuzi mzoefu anapenda sana neno hili, na linasikika la haki. Lakini katikati ya nini na nini? Sakafu yako 52, umeanza na 60. Yeye ameanza na 30 makusudi. "Haya dada, tusigombane, tukutane katikati." Katikati ni 45. Uko chini ya sakafu na bado unajiona mmegawana sawa. Aliyeanza na bei ya ajabu ndiye aliyeihamisha katikati ikamfuate. Mtu akianza chini mno, usijibu bei kabisa. Rudi kwenye maswali: "Kaka, hiyo 30 umeipataje?" Mwache aeleze. Mara nyingi atapandisha mwenyewe.

Wakati wa kutojibu bei

Siyo kila ofa inahitaji kujibiwa. Kuna siku jibu sahihi ni "sawa, pakia."

Kama ofa imevuka sakafu yako vizuri, masharti ni safi na nyanya zimeiva zote, chukua hela. Nyanya iliyoiva haingoji raundi tatu za mapatano. Kukubali ofa nzuri siyo uzembe.

Kama mnunuzi ana bei moja kwa wakulima wote, kama ilivyo kwa baadhi ya viwanda na kilimo cha mkataba, usipoteze nguvu kwenye bei. Jibu kwenye yale yanayobadilika: siku ya kupokea mzigo, daraja la ubora, muda wa malipo. Na yajibu kabla ya kusaini, siyo siku ya kuvuna.

Na kama unalima korosho, unauza kupitia chama cha msingi kwa stakabadhi ghalani na mnada. Hapo humjibu mnunuzi mmoja mmoja shambani. Sauti yako iko kwenye mkutano wa chama, kwa hiyo hudhuria. Haya ya leo ni zaidi kwa wenzangu wa vitunguu, nyanya, viazi, mboga na matunda, kuanzia Mang'ola mpaka Ruaha Mbuyuni, ambako bei inazaliwa kati ya watu wawili waliosimama kwenye tuta.

Mkimaliza, andika

Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, shida ni ushahidi. Mkishapatana, rudia kwa sauti mbele ya mtu mwingine, kisha mtumie ujumbe mfupi palepale: "Kaka, tumekubaliana magunia 48 ya kilo 100, bei 57,000, malipo yote kesho kabla ya gari kuondoka, magunia yako, vibarua wangu. Nijibu sawa." Akijibu sawa, usifute. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na siku hizi daftari liko mfukoni mwako.

Kazi ya wiki hii, hata kama mavuno bado. Chukua karatasi, andika njia yako ya pili ya kuuza na itakupa shilingi ngapi kwa kilo baada ya gharama zote. Andika chini yake yale maswali sita. Ikunje, weka kwenye kava la simu. Siku mnunuzi akisimama shambani akataja bei, itoe uisome kabla hujasema namba yoyote. Hataondoka kwa sababu umeuliza. Yule wa kwangu aliondoka kwa sababu sikuuliza.

Nawatakia mavuno mema na mauzo mema zaidi.